Embaba Juu ya Meza: Kuhamisha Vita si Kugawanya

Kuna watu wazima Uingereza, Ufaransa na Marekani ambao jioni zao huzimaliza wakipanga askari wenye kimo cha inchi moja juu ya meza. Askari hao, wa risasi au wa plastiki, wamepakwa rangi mpaka vifungo vya koti. Meza imepimwa, na mkononi mna kitabu cha kanuni kiwaambiacho kikosi chaenda umbali gani, bunduki yafika wapi, na lini askari huvunjika moyo wakatimua mbio. Vita wavipendavyo sana ni vya Napoleon. Asili ya mchezo huu si mzaha: mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Reisswitz, alitoa kanuni zake ili maofisa wa jeshi wajifunzie, juu ya ramani iliyopimwa moja kwa 8,000.

Ila kanuni zenyewe si moja. Kila baada ya miaka michache hutoka kitabu kipya chenye mizani yake. Mtu hukaa akaandika kisa cha vita fulani: nani alikuwapo, alisimama wapi, alifika saa ngapi, na ushindi utapimwaje. Mwenzake mwenye kitabu kingine akitaka kukicheza kisa hicho, hana budi akihamishe. Wengi huhamisha kwa kugawanya na kuzidisha. Batalioni ya watu 600, katika kanuni ambazo sanamu moja ni badala ya watu 20, ni sanamu 30. Katika kanuni za moja kwa 50 ni sanamu 12. Zamu ya robo saa ikifanywa nusu saa, zamu 12 zawa sita. Kalamu chini, kazi imekwisha.

Haikwisha. Sisi tuliolelewa na vina twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Chukua shairi la mizani 16, kila mshororo uukate katikati. Utapata vipande vya mizani nane nane, sawasawa na vya utenzi. Je, umepata utenzi? Hata kidogo. Vina vyake vyapokezana, cha kati na cha mwisho, ilhali utenzi wataka vipande vitatu vikubaliane, na cha nne kishike kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hesabu imetimia na utenzi haupo.

Nichukue vita vimoja vitugusavyo, vya Embaba, karibu na Kairo, tarehe 21 Julai 1798. Wazungu huviita Vita vya Mapiramidi, jina la Napoleon mwenyewe, ingawa mapiramidi yalikuwa mbali, yaonekana upeoni tu. (Jemadari yule alijua kutia jina.) Na vyatugusa kuliko wengi wadhanivyo: Januari 1799, akiwa Kairo, alimwandikia mtawala wa Maskati, Sultan bin Ahmad, babake Seyyid Said, na barua ikanaswa na Waingereza. Siku ile ya Embaba Wafaransa walikuwa zaidi ya 20,000 katika divisheni tano. Mbele yao alisimama Murad Bey na maelfu ya wapanda farasi wa Kimamluki, pamoja na watu wa miguu na mizinga kijijini. Ibrahim Bey alikuwa ng'ambo ya pili ya Nile, na huko alibaki.

Sasa tazama. Katika kanuni nyingi za daraja ya batalioni, mraba ni umbo la kujikinga: batalioni ikiona farasi waja hujikunja pande nne, singe nje, na ikishajikunja haitembei, au yatambaa. Embaba divisheni nzima ilikuwa mraba mmoja, ubavu wake safu sita, mizinga pembeni, mizigo na farasi wachache katikati, na mraba huo ulikuwa ukienda. Mwenye kuhamisha kwa hesabu atawapasua Wafaransa batalioni batalioni, kila moja na mraba wake, kisha wakwame mchangani wakingoja farasi wasio na haja ya kuja. Mchezo umekufa kabla ya chai. Na katika kanuni nyingi za daraja ya brigedi mraba hauchorwi kabisa; wadhaniwa umo ndani ya brigedi, ni kazi ya maofisa wadogo. Kwa hiyo, huku na huku, kisa chataka kanuni yake mahususi: mraba wa divisheni, uendao polepole, ambao farasi hawauvunji mpaka mizinga iwe imeutikisa kwanza.

Amri nazo ni vivyo hivyo. Katika Black Powder, kitabu cha Rick Priestley na Jervis Johnson cha 2009, kiongozi hutamka amri kwa sauti kisha hurusha dadu mbili. Akipita daraja yake, amri haifiki. Akishuka chini sana, vikosi vyaenda mara mbili au tatu. Humo Ibrahim Bey apewa daraja ya chini na kila mtu aelewa. Katika Blücher ya Sam Mustafa, ya 2015, adui ndiye arushaye dadu akazificha, nawe waamrisha brigedi moja moja usijue lini atakwambia zamu yako imekwisha. Uzito wa Ibrahim utautia wapi humo? Utautia mtoni: watu wake wasivuke kabla ya zamu fulani, au wasivuke kabisa.

Najua wako watakaokunja uso kwa kutajwa dadu, na wana haki, kwani wanavyuoni wamelisema sana. Niwape habari kwamba mwaka 1876 ofisa wa Kijerumani, Verdy du Vernois, alishauri dadu na majedwali yaachwe, mwamuzi aliyevijua vita aamue kwa akili yake.

Liniumalo zaidi ni neno lipitalo kitabu hadi kitabu bila kuulizwa: kwamba Mamluki ni askari asiye na nidhamu. Hupewa namba ndogo, na mhamishaji huibeba kama alivyoikuta. Mamluki alifunzwa tangu ujanani farasi, upanga, mkuki na bastola, na mtu kwa mtu alikuwa hatari kubwa kwa mpanda farasi wa Kifaransa. Walichokosa ni kupigana kwa pamoja chini ya amri moja. Hayo ni mambo mawili, yataka namba mbili: ya kupigana iwe juu, ya amri iwe chini. Ayafanyaye moja anahamisha dharau ya mtu mwingine.

Mhamishaji na arudi kwenye shina. Sheikh Abdulrahman al-Jabarti alikuwa hai mwaka ule, akayaandika. Hakuwapamba mabey: aliwalaumu kwa kuoneana wivu na kwa kudhani kuwa Wafaransa watakanyagwa na kwato za farasi. Wala hakuwapamba Wafaransa. Tangazo lao la Kiarabu, lililodai urafiki na Uislamu, alilichambua kipande kwa kipande akaonyesha makosa ya nahau yake. Tangazo lile ni ndugu wa kisa kilichohamishwa kwa kugawanya.

Ushindi nao upimwe vingine. Hesabu itajwayo sana ya Wafaransa waliouawa ni 29. Kisa kikimpa ushindi aliyepoteza wachache, mchezaji wa Misri ameshindwa kabla ya kuketi. Lakini Murad alitoroka na wapanda farasi wake wengi, akaenda Misri ya Juu, na Desaix akamfuata kwa miezi bila kumkamata. Basi na ahesabiwe kwa farasi atakaowatoa mezani kwa upande wa kusini.

Na upepo usisahauliwe. Al-Jabarti asimulia kuwa ulivuma kwa nguvu siku ile, vumbi likawapiga Wamisri usoni. Kwa Black Powder, ningewapunguzia mabey daraja moja ya amri kwa zamu mbili za mwanzo. Kwa Blücher, ningeiondoa dadu moja katika zile zirushwazo kwa ajili ya zamu ya Misri, kwa muda uo huo.