Malaika wa soda baridi porini

Leo tunatoka mjini kabisa. Vua hivyo viatu vya kutokea, tafuta raba, maana tunakwenda Marekani, ila sio New York wala Hollywood. Tunakwenda porini.

Kuna njia ya miguu kule inaitwa Appalachian Trail. Inaanzia mlima Springer, jimbo la Georgia, kusini, inakatiza majimbo 14 na kuishia juu ya mlima Katahdin, jimbo la Maine, kaskazini kabisa. Ni zaidi ya kilometa 3,500, bwana we, kwa miguu! Wanaoikata yote kwa mkupuo wanachukua miezi mitano hadi saba, na katika kila wanne wanaoanza na nia hiyo, anayefika ni kama mmoja tu.

Usidhani ni urefu wa milima unaowatoa nduki. Kilele cha juu kabisa, Kuwohi, kina meta 2,025, Kilimanjaro yetu inakitazama kwa chini. Kasheshe ni ile kila siku. Unaamka, soksi za jana bado mbichi. Unachemsha uji kwenye kajiko ka gesi, unakunja hema, unatwika begi mgongoni, hakuna cha mpagazi, unaanza kufuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe. Mchana siagi ya karanga, unailamba toka kwenye kopo. Jioni tambi. Usiku chakula unakining'iniza mtini, dubu asije akakutembelea. Kulala, kama sio kwenye hema, basi kwenye kibanda cha mbao chenye kuta tatu, upande wa nne wazi, panya wanakukatiza usoni. Kesho hivyo hivyo. Mvua ikishika siku nne mfululizo, hata mbabe anaanza kumkumbuka mama yake.

Na njaa! Pale Pennsylvania, karibu na nusu ya safari, kuna duka ambalo mtembeaji akifika desturi ni kununua aiskrimu karibu lita mbili na kupambana nayo peke yake, pale pale. Na wengi wanaimaliza.

Sasa ndio wanaingia watu niliotaka tuwazungumzie. Njia hii inakata barabara za magari sehemu nyingi. Unatokea msituni unanuka, magoti yanauma, na moyoni umeshakata shauri kwamba hapa hapa unatafuta basi la kwenu. Mara unaona boksi la barafu chini ya mti. Unafungua, soda baridi na ndizi. Mwenyewe hayupo, bei haipo. Siku nyingine ni mama wa makamo kaegesha pikapu, anakaanga mayai, swali lake ni moja tu: "Nikupe mangapi?" Au mzee anakupa lifti mpaka mji wa jirani ukanunue chakula. Vioo vyote kashusha kwa ile harufu yako, lakini hasemi neno.

Kitu hicho wenyewe wanakiita uchawi wa njiani (usishtuke, sio ule wa ungo), na anayekifanya wanamwita malaika. Mtu aliyekuwa anatafuta basi anakunywa soda, anakaa dakika kumi, anavaa begi, anarudi msituni.

Mimi naona nguvu yake ni kwamba hukuitegemea. Ndio maana nakubaliana na wanaolalamika siku hizi kuwa mambo yamezidi, hasa kule Georgia mwanzo wa msimu. Mtu ana siku tatu tu porini, begi bado limejaa misosi, anakuta nyama choma na viti vya kukunja. Wengine wameshazoea, wanafika barabarani wanauliza, "Leo hamna kitu?" Huo tena sio uchawi, ni msosi wa shughuli.

Angalia bibi mmoja aliyeitwa Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na watoto 11 aliowazaa, aliitembea njia yote peke yake. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kutembea, basi. Alivaa raba za kawaida, alibeba mfuko aliojishonea na pazia la bafuni la kujikinga na mvua. Hema hakuwa nalo. Jioni mara nyingi alikuwa anabisha hodi kwa watu asiowajua. Wapo waliompa chakula na kitanda, wapo waliomfungia mlango, akaenda kujilaza nje. Alifika Katahdin, na mwaka 1957 akairudia njia yote.

Kule Maine, ukikaribia mwisho, unakutana na mto Kennebec. Ni mpana, na juu yake kuna bwawa la umeme, maji yanaweza kupanda ghafla bila taarifa. Mwaka 1985 mtembeaji mmoja alizama akijaribu kuvuka. Tangu mwaka 1987 msimu wa watembeaji kuna mtumbwi. Mvushaji analipwa na wanaoitunza njia, wewe hutoi hata senti. Anakuvisha jaketi la kuelea, pengine anakupa kasia umsaidie. Ukitazama miguuni, kwenye sakafu ya mtumbwi, unaiona ile alama nyeupe uliyoifuata tangu Georgia imepakwa humo, kwa sababu mtumbwi nao ni sehemu ya njia. Ukishuka ng'ambo, Katahdin imebaki kama kilometa 240.