Si Kila Maumivu ya Mgongo ni Uzee

Mjomba wangu aliumwa na mgongo kwa mwaka mzima. Sisi jamaa zake tulisema ni uzee, naye akakubali. Tukamnunulia dawa ya kuchua na kumshauri apunguze kulima. Siku alipovunjika paja bila ya kusukumwa wala kujikwaa, ndipo ilipobainika kwamba saratani ya tezi dume ilikuwa imekwisha kuenea mifupani mwake. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimefunza habari za seli na za mifupa kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuyahusisha masomo hayo na mgongo wa mjomba. Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Maoni yangu ni kwamba tunafunza seli kana kwamba ni chumba kilichofungwa. Mwanafunzi huichora, akataja kiini na utando wake, akapata alama, yakaisha. Hafunzwi ipasavyo kwamba seli huzungumza. Huzungumza kwa protini na homoni zinazonasa kwenye vipokezi vya seli nyingine mithili ya ufunguo katika kufuli, na kuziamuru zikue, zihame au zife. Asiyeyajua mazungumzo hayo hawezi kuielewa saratani.

Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alichunguza taarifa za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa haukuenea ovyo, bali ulipendelea viungo fulani. Akaufananisha na mbegu, ambazo hupeperushwa kote lakini humea tu penye udongo unaozifaa. Mwana wa mkulima hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kwa saratani ya tezi dume, udongo huo hasa ni mifupa: uti wa mgongo, nyonga na mbavu.

Kwa nini mifupa? Uboho hutoa protini iitwayo CXCL12, ambayo kazi yake ya halali ni kuziita nyumbani seli changa zinazozaa damu. Seli za saratani zenye kipokezi chake huitikia mwito uo huo. Zikishaingia, hukuta mafundi wa aina mbili: wanaojenga mfupa na wanaoubomoa. Wajenzi huwapelekea wabomoaji ishara iitwayo RANKL, ili mfupa mkuukuu uondolewe na mpya ujengwe. Saratani huvuruga mapatano hayo. Huwahimiza wajenzi wajenge ovyo, mfupa ukawa mnene usio na nguvu. Aidha huzidisha ishara za kubomoa. Mfupa ukibomolewa huachilia vichocheo vya ukuaji vilivyohifadhiwa ndani yake, navyo huilisha saratani, ikazidi kuharibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo watakaosema kwamba hii ni elimu ya vyuo vikuu, haimfai mtoto wa shule ya upili. Nawapinga. Ni kwa kuzielewa ishara hizi ndipo tiba zilipopatikana. Mwaka 1941 Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha kwamba kupunguza homoni za kiume huidhoofisha saratani hii hata baada ya kuenea, na mwaka 1966 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tangu 2010 imekuwapo dawa ya denosumab, inayoizuia RANKL na kupunguza hatari ya mifupa kuvunjika kwa wagonjwa hawa. Hata hivyo, haiponyi. Ugonjwa ukishatia mizizi mfupani, kwa kawaida hupunguzwa kasi tu. Isitoshe, unapoanza katika tezi mara nyingi hauna dalili yoyote. Kwa hiyo mwanamume aliyetimiza miaka 50 na azungumze na daktari kuhusu kupimwa, na mapema zaidi ikiwa babake au nduguye aliugua.

Walimu wenzangu, tukimaliza somo la seli, tusifunge kitabu kabla ya kuonyesha jinsi zinavyosemezana na jinsi mazungumzo hayo yanavyoharibika. Nanyi wanafunzi, mwendapo likizoni, kumbukeni kwamba babu na mjukuu ni watani. Mjukuu aweza kumwuliza babu asiloweza kuulizwa na mwanawe: mgongo unauma tangu lini, na je, mkojo unapita vyema? Mficha maradhi, kilio humfichua. Mjomba wangu hakuficha. Alilalamika mwaka mzima, nasi tuliosoma hatukumsikia.