Maziwa ya Nyayo na Machozi ya Wakubwa

Wako watu wazima katika nchi yetu, wenye mvi na vyeo, ambao ukitaka kuwaona wakilegea huna haja ya kuwapigia ngoma wala kuwapikia biriani. Yataje tu mbele yao maziwa ya Nyayo. Mara nyuso hukunjuka, sauti hupoteza ukali, na kila mmoja hueleza jinsi ile pakiti ya pembetatu ilivyokuwa, jinsi alivyoitoboa kwa jino, na jinsi alivyobakiza nusu ampelekee mdogo wake nyumbani. Kisha, baada ya utamu huo wa maneno, hufuata shubiri yake: watoto wa siku hizi hawajui kitu kizuri, maziwa ya siku hizi ni maji matupu, na dunia imekwisha haribika.

Mimi nayapinga maneno hayo, tena napinga bila kumung'unya. Sipingi mtu kukumbuka utoto wake, maana asiyekumbuka alikotoka ni kama mti usio mizizi. Napinga tabia ya kuufanya ukumbusho kuwa kitanda cha kulalia, hali kazi iliyoachwa nusu yangali inangoja watu.

Yafaa kwanza kueleza habari yenyewe, kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu walizaliwa baada ya maziwa hayo kukoma. Rais Jomo Kenyatta alifariki mwezi Agosti 1978. Aliyemfuata, Daniel arap Moi, alilifanya neno Nyayo kuwa wito wa utawala wake, yaani kuzifuata nyayo za aliyemtangulia. Mwaka 1979 serikali ikaanza kuwagawia watoto wa shule za msingi maziwa bila malipo. Kila mtoto alipewa pakiti ya mililita 200, kwa kawaida mara mbili kwa juma. Kazi ya kuyakusanya na kuyatengeneza maziwa ilikuwa ya KCC, chama kilichoundwa mwaka 1925 na wakulima walowezi, ambacho baada ya uhuru kilihudumia wakulima wa nchi nzima. Mpango huo ukashika nguvu miaka ya themanini, ukadhoofika miaka ya tisini, na hatimaye ukafa.

Sasa tuje kwenye ladha, kwani hapo ndipo wakubwa wanapojidanganya zaidi. Maziwa yale yalikuwa ya aina ya kukaa siku nyingi. Hupashwa moto mkali, kiasi cha digrii 135 au zaidi, kwa sekunde chache tu, kisha hufungwa katika pakiti isiyoingia hewa wala vijidudu, yakaweza kukaa miezi bila kutiwa katika barafu. Ilikuwa hekima kubwa kwa nchi ambayo shule zake nyingi hazikuwa na umeme. Walakini moto huo huyaachia maziwa ladha ya kuungua kidogo, na mtoto aliyezoea maziwa ya ng'ombe wa kwao, yaliyokamuliwa alfajiri, hakukosa kuitambua. Basi utamu unaoliliwa ulitoka wapi? Ulitoka katika tumbo la mtoto aliyeondoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi, akatembea maili kadhaa kwa miguu mitupu, akakaa mpaka saa nne bila kutia kitu kinywani. Ulitoka pia katika kupewa. Mtoto wa maskini na mtoto wa chifu walipanga mstari mmoja wakapokea kipimo kimoja, na hilo ni jambo ambalo wengi wao hawakuliona tena walipokuwa wakubwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Wamarekani wengi wana jibini yao laini ya malai, nyeupe, ipakwayo juu ya mkate, ambayo wakiionja huwajia meza ya mama na asubuhi za utotoni. Jibini hiyo ilitengenezwa kwa wingi na William Lawrence katika mji wa Chester, jimbo la New York, mwaka 1872. Mwaka 1880 ikapewa jina la Philadelphia, mji ambao haukuitengeneza, kwa sababu mji huo ulisifika kwa maziwa mazuri. Mfanyabiashara aliazima sifa ya watu wengine akaibandika juu ya karatasi ya bidhaa, na vizazi vilivyofuata vikaipokea kama urithi wa mababu. Simcheki Mmarekani anayeililia jibini hiyo; upendo wake kwa mama ni wa kweli. Nasema tu kwamba ulimi wenye mapenzi ni shahidi mbaya. Ukiuliza ulimi habari za zamani, utakujibu kwa yale uliyoyapenda na kuyanyamazia mengine yote.

Na ulimi wetu umenyamazia mengi. Umemnyamazia mkulima. Mpaka mwaka 1992, biashara ya kununua na kutengeneza maziwa ilipofunguliwa kwa wengine, mkulima wa Nyandarua au wa Nandi hakuwa na mlango mwingine wa maana wa kuingizia maziwa yake ila KCC. Chama hicho kilipoanza kuyumba kwa uendeshaji mbaya, wakulima walikaa miezi bila malipo. Wengine waliuza ng'ombe, wengine walikosa karo. Mwaka 2000 KCC iliuzwa kwa watu binafsi, na mwaka 2003 serikali mpya ikairudisha mikononi mwake. Mzee anayelengwalengwa na machozi akiikumbuka pakiti yake aulize siku moja kama maziwa yaliyokuwamo hayakuwa ya baba yake mwenyewe, na kama baba yake alilipwa.

Naam, kuna lililo la kusifiwa, nami nitalisifu. Mwaka 1978 watoto wa shule za msingi nchini walikuwa takriban milioni 3. Mwaka 1979 walikaribia milioni 3.7. Si maziwa peke yake yaliyowaita, kwa kuwa ada zilizosalia pia ziliondolewa; lakini mwalimu yeyote wa zama zile atakwambia kwamba siku ya maziwa madawati yalijaa. Hilo ndilo linalostahili kutamaniwa: uamuzi wa taifa kwamba mtoto asisome na njaa. Uamuzi ukiachwa, ladha haina thamani ya kuliliwa na mtu mzima.

Nitaambiwa kwamba fedha hazipo. Nitaambiwa pia kwamba kumlisha mtoto ni kazi ya mzazi. La pili halinishughulishi sana. Anayelisema aghalabu ni mtu ambaye wanawe hawajawahi kulala njaa. Tena mjini Nairobi, tangu mwaka 2023, kaunti huwapikia watoto wa shule za umma chakula cha mchana, na mzazi hutoa shilingi 5 tu kwa sahani, gharama iliyobaki ikibebwa na wengine. Kumbe mzazi na serikali waweza kushika jungu moja pande zote mbili.

Pingamizi moja ni la haki, nalo ni kwamba si kila tumbo hupatana na maziwa mabichi au yaliyochemshwa tu. Wako watoto wengi ambao sukari ya maziwa huwaumiza matumbo. Lakini wazee wetu walikwisha kulitatua hilo kabla ya kiwanda kujengwa, kwani maziwa yakigandishwa sehemu ya sukari ile huliwa na vijidudu vyema. Ndiyo maana tuna maziwa lala, na ndiyo maana Wakalenjin wana mursik yao, inayotulia siku kadhaa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Mpango wa leo si lazima uwe nakala ya ule wa 1979.

Haya, turudi kwenye fedha, na tupige hesabu pamoja kwa kuwa ninyi wanafunzi hesabu mnaijua. Pakiti ya mililita 200, mara mbili kwa juma, kwa majuma 36 ya masomo, ni lita 14.4 kwa mtoto kwa mwaka. Tuseme watoto ni milioni 10: hizo ni lita milioni 144. Ng'ombe, ngamia na mbuzi wa Kenya hutoa zaidi ya lita bilioni 4 kila mwaka. Tunaomba, basi, chini ya lita 4 katika kila lita 100. Hata kama usafiri na pakiti zitaongeza gharama maradufu, hesabu hii si ya kutisha taifa. Wakubwa wenye machozi ndio wanaoketi katika mabaraza, katika kamati za bajeti na katika bodi za shule, kalamu wanayo. Na yule miongoni mwao atakayesema haiwezekani, aitaje bei kamili, na aitaje mbele ya mkulima ambaye msimu wa mvua nyingi humwaga maziwa yake mtaroni kwa kukosa mnunuzi.