Makumbusho ya Memphis yanatuhusu na sisi wabeba maboksi



Kuna maneno yanasemwa kwenye harusi zetu, misibani na hata katika vikao vya jumuiya zetu hapa Marekani: "Mambo ya haki za Weusi ni ya Wamarekani, sisi tumekuja kutafuta." Wengine wanaongeza kuwa Mmarekani Mweusi ni mvivu na analalamika mno. Maneno haya ni ya aibu, tena ni utovu wa shukrani.

Nendeni Memphis, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia, yaliyofunguliwa 1991 katika Lorraine Motel, pale pale alipouawa Dr. Martin Luther King, Aprili 4, 1968. Humo mtaona basi la Montgomery, kaunta ya mgahawa, na gari la taka. Gari la taka linafanya nini humo? Dr. King alikwenda Memphis kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma, baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa na mtambo wa gari la taka Februari 1, 1968. Mshahara mdogo, kazi chafu, na meya asiyetaka kuwasikiliza. Hamjitambui hapo, nyie mnaokesha mkihudumia wazee na kubeba maboksi?

Tuje kwenye viza. Hadi 1965 sheria ya uhamiaji ya nchi hii iligawa nafasi kwa kuwapendelea Wazungu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi. Mfumo huo ulifutwa Oktoba 1965, mwaka mmoja tu baada ya Sheria ya Haki za Kiraia, na msukumo ulikuwa ule ule. Mlango tuliopitia ulisukumwa na watu waliong'atwa na mbwa wa polisi Birmingham 1963.

Wenyewe hawakutuona wageni. Oginga Odinga alipofika Atlanta Desemba 1963, vijana wa SNCC walikwenda kumwona, kisha wakaingia mgahawa wa jirani uliobagua Weusi, wakakamatwa.

Kila Januari, siku ya King, na kila Aprili 4, makumbusho yale huandaa shughuli za jamii. Viongozi wetu wanaojua kukodi ukumbi wa nyama choma na bendi, wakodi na basi wawapeleke watoto. Barabarani usiku, polisi haulizi kama mtoto wako asili yake ni Kisumu au Tanga. Anamwona Mweusi, basi. Ni heri aijue historia hiyo kabla hajafundishwa na pingu.

Naomba kuwasilisha.