Baharia Haoni Dunia

Kila nikirudi nyumbani Likoni, hakosi mtu wa kunishika bega pale kivukoni na kuniambia, "Wewe bwana, dunia umeiona!" Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki tena. Kwa miaka tisa nimefika Santos, Rotterdam na Qingdao, na ukiniuliza miji hiyo ikoje, nitakueleza rangi ya kreni zake. Nimeona magati. Dunia sijaiona.

Niliiona siku moja tu. Meli yetu ilikuwa Richards Bay, Afrika Kusini, ikipakia makaa ya mawe. Niliomba ruhusa ya kushuka, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba nikapewa siku nzima. Usidhani kampuni ilinionea huruma. Mwenzangu mmoja, Mfilipino mtu mzima aliyenifundisha kazi za sitahani, alikubali kunishikia zamu. "Nenda, kaka," aliniambia. "Niletee picha ya kifaru."

Tulikuwa wanne kwenye gari la kukodi. Tulipita mashamba ya miwa na misitu ya mikaratusi, na baada ya saa moja na ushei tukafika kwenye hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, iliyotengwa tangu 1895. Dereva alipozima injini, nilishtuka. Melini injini hainyamazi usiku wala mchana. Unalala nayo na unaamka nayo. Hapa nilisikia ndege, na majani yakikatwa na meno ya mnyama.

Alikuwa kifaru mweupe na ndama wake, kando kabisa ya barabara. Pembe ya mama ilikuwa imekatwa. Dereva akatueleza kwamba tangu 2024 wasimamizi wa hifadhi wamekuwa wakizikata ili jangili asiwe na cha kumuulia mnyama. Mwaka 2023 pekee, katika hifadhi hii hii, majangili waliua vifaru zaidi ya 300. Na mwanzoni mwa karne iliyopita, vifaru wa aina hii waliobaki walikuwa wachache sana, wengi wao katika bonde hili. Waliokolewa kwa sababu kuna watu waliowalinda na kuwahesabu mmoja mmoja.

Baadaye tukakuta kundi la tembo mtoni. Nikageuka niwaonyeshe wenzangu wa kiti cha nyuma. Wawili walikuwa wanakoroma. Vijana wa miaka ishirini na kitu, wamelipa kiingilio kwa dola walizozitolea jasho, tembo wako mbele yao, na hawawezi kufumbua macho.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na haijapoa hadi leo.

Ruhusa ya kushuka bandarini si zawadi ya nahodha. Ni haki. Imeandikwa katika Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unasema baharia apewe nafasi ya kushuka kwa ajili ya afya yake, kadiri kazi yake inavyoruhusu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kitanzi. Kwenye meli yenye watu ishirini tu, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira, kazi itaruhusu lini? Mkataba huo huo unataka tupumzike angalau saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa mwenyewe: zinabaki 91. Kisheria kabisa, mtu anaweza kufanyishwa kazi saa 91 kwa wiki, na bado meli hazitosheki. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, kilichoko Malmö, kilitoa utafiti ulioonyesha jinsi kumbukumbu za saa za mapumziko zinavyorekebishwa ili zipendeze machoni pa wakaguzi. Sisi hatukuhitaji utafiti. Tunazirekebisha wenyewe, kwa mikono yetu.

Wapo watakaosema mnalipwa dola, mlijua mnachokifuata. Nililijua jua, nikaijua dhoruba, nikajua kuwazika wazazi kwa simu. Sikujua nitasaini uongo kila mwezi. Wengine watasema meli ikisimama inakula pesa. Hakuna aliyesema isimame. Ongezeni watu wawili au watatu, ili mmoja akishuka mwingine asife kwa zamu mbili. Mnaona ni ghali? Kamba ya kufungia meli ikikatika ikiwa imevutwa, inaweza kumuua mtu papo hapo, na aliyesinzia hawezi kuikwepa.

Afrika Kusini inauawa vifaru wake na inaona aibu, lakini kila mwaka inawahesabu na kutangaza idadi mbele ya dunia nzima. Ndiyo maana watu wanakasirika, fedha zinatafutwa, pembe zinakatwa. Huwezi kukinusuru kitu ambacho hesabu yake umeighushi. Saa zetu za kulala nazo zihesabiwe hivyo hivyo, kwa ukweli, hata kama ukweli huo utaifunga meli bandarini.

Tulirudi magharibi. Mfilipino wangu alikuwa bado yuko sitahani, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Nikampa simu aone picha. Aliikuza kwa vidole, akamtazama yule ndama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nilisikia harufu yake. Yeye alikuwa na miezi minane bila kukanyaga ardhi.

Usiku ule fomu zikaletwa. Yake ilisema kwamba saa zile zote alizosimama badala yangu, alikuwa amelala. Akasaini. Nami nikasaini yangu, kama nilivyofanya kwa miaka tisa.

Kwa hiyo wewe kijana wa Mombasa, Tanga au Unguja unayetafuta meli, usiulize mshahara peke yake. Uliza meli ina watu wangapi, na fomu ya mapumziko hujazwa na nani. Wakikucheka, umeshapata jibu.