Kiswahili na Mwanga wa Nyota



Wapo wenzetu wadaio kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mashairi, wala hakitaweza kamwe kubeba sayansi. Neno hilo "kamwe" latukumbusha Auguste Comte, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliyeandika mwaka 1835 kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeumbwa kwa vitu gani. Alifariki mwaka 1857. Miaka miwili baadaye, mjini Heidelberg, Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha njia ya kujua.

Njia yenyewe twaieleza hapa, msomaji naye aamue. Mwanga mweupe upitapo katika kioo chenye pembe tatu hutawanyika ukawa utepe wa rangi, mfano wa upinde wa mvua. Chumvi ikinyunyizwa motoni, mwali hugeuka manjano, na katika utepe wake hung'aa mistari miwili ya manjano iliyokaribiana mno. Hiyo ndiyo alama ya sodiamu. Kila elementi ina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Tena, mvuke wa elementi ukikingama mbele ya mwanga wa kitu chenye joto kuushinda, hufyonza rangi zile zile ambazo wenyewe hutoa uwakapo. Ndiyo sababu utepe wa mwanga wa jua una mistari myeusi. Na kwa kuilinganisha na ile ya maabara, Kirchhoff alitambua kwamba jua lina sodiamu na chuma. Mwaka 1868 ulionekana katika mwanga wa jua mstari usio wa elementi yoyote iliyojulikana. Elementi hiyo ikaitwa heli, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua, nayo ikathibitishwa duniani mwaka 1895.

Je, Kiswahili kimeshindwa wapi? Maneno machache tumeazima, kama wataalamu hao walivyoazima kwa Wagiriki. Mengine yote tulikuwa nayo nyumbani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwalimu awapaye wanafunzi hadithi za sungura na fisi mwaka hadi mwaka, kisha akalalamika kwamba Kiswahili hakina sayansi, huishtaki lugha kwa uvivu wake mwenyewe.

Basi twadai hivi: kila mwalimu wa Kiswahili aandike walau kifungu kimoja cha ufahamu juu ya sayansi kila muhula, akisahihishwe pamoja na mwalimu wa sayansi, kisha akisomeshe. Hapo ndipo wenye "kamwe" watakapojibiwa.