MGONGO HAUNA SPEA, MSHKAJI!

Wewe unayelisoma gazeti hili umesimama ndani ya kipanya, shingo imelala begani na kiuno kimekunjika kama panga la kukunja, pole sana. Leo nakuongelea wewe.

Wiki hii tuwape likizo wale wa nani kaachana na nani. Tuongee habari ya mgongo. Najua kuna mtu keshaguna, “Aah, huo si ugonjwa wa wazee!” Thubutu! Pita kijiwe chochote hapa Dar uwaulize vijana wa bodaboda. Waulize mafundi cherehani. Waulize madada wa saluni wanaosimama kutwa nzima wakisuka vichwa vya watu. Kila mmoja atajishika kiuno kwanza kabla hajakujibu.

Wala si Bongo peke yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, yaani pale kiunoni. Ifikapo 2050 wanakadiriwa kufika milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao. Sasa utasemaje ni ya babu?

Mimi shule niliishia Form Four, lakini hili halihitaji digrii. Twende polepole.

Mgongo ni mnara wa pingili. Kuanzia shingoni hadi kiunoni zipo 24, na 5 za mwisho, zile za kiunoni, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Kati ya pingili na pingili nyingi kuna disiki, kitu kama gasketi: nje ngumu, ndani kuna ute. Kazi yake ni kupunguza mtikisiko, kama shokomzoba za gari. Nyuma ya pingili kuna tundu ambamo neva zimepita, zile nyaya zinazopeleka taarifa miguuni. Halafu mnara wote umeshikiliwa na misuli ya mgongo na ya tumbo. Misuli ikilegea mnara unayumba.

Sasa kwa nini unauma? Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Madaktari wanasema katika kila wagonjwa kumi wa kiuno, kama tisa hivi hawana ugonjwa maalumu unaoweza kunyooshewa kidole. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichooza. Ni misuli, mishipa na maungio yamechoka au yamestuka. Umenyanyua kitu vibaya, umekaa mkao mmoja saa nane, umetikiswa na pikipiki kwenye barabara ya mashimo, uzito umezidi, mazoezi hufanyi. Sigara nayo imo. Hata mawazo yamo, msicheke! Mtu mwenye msongo na asiyepata usingizi, maumivu yake hukaa zaidi.

Lakini hapa kwetu nani anataka kusikia habari ya misuli? Kijana akisema mgongo unamuuma, kijiwe kizima kinageuka hospitali. Mmoja anasema figo. Wa pili anasema ngiri. Wa tatu anacheka kicheko kile cha kishambenga: “Umeyatumia vibaya ujana, nguvu zimekuishia!” Basi jamaa anarudi nyumbani na wasiwasi, na kesho yake utamkuta kwa muuza dawa na chupa ya maji meusi inayotibu mgongo, ngiri, nguvu za kiume na bahati mbaya. Vyote kwa pamoja!

Jamani, tuelewane. Maumivu ya figo mara nyingi yanakaa ubavuni, juu kidogo chini ya mbavu, na huja na homa, au mkojo unauma ama unabadilika rangi. Uiname usiiname, yapo pale pale. Maumivu ya misuli ya mgongo yanabadilika: ukiinama yanazidi, ukijinyoosha yanapungua, ukikaa sana yanarudi. Kuhusu ile habari ya sita kwa sita, kuumwa kiuno si alama kwamba nguvu zimekwisha. Mtu mwenye maumivu hana raha ya kitu chochote, na hiyo ni kwa kila mwanadamu.

Wakati mwingine disiki nayo inachomoza na kubana neva. Hapo maumivu hayatulii kiunoni. Yanateremka kwenye tako, paja la nyuma, yanavuka goti mpaka unyayoni, kama shoti ya umeme. Mguu unawasha au unakufa ganzi. Ukipiga chafya unaona nyota mchana. Inatisha, lakini wengi hupona bila kisu, kwa wiki kadhaa au miezi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa hakuna utani.

Mtaani kwetu kulikuwa na dada mmoja, miaka 24, mchangamfu kweli. Alianza kuumwa katikati ya mgongo. Majirani wakasema chango. Akanunuliwa dawa za chango. Hakuna kitu. Wakasema figo, akanunuliwa za figo. Miezi inakwenda, mwili unapungua, usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa, na maumivu yanamwamsha hata akiwa amelala tu. Siku miguu ilipoanza kukataa kunyanyuka ndipo akabebwa hospitali. Ilikuwa kifua kikuu. Ndiyo, TB! Watu wanadhani TB ni kukohoa tu. Inaingia hata kwenye pingili za mgongo na kuzila. Si mpya hiyo, daktari wa Kiingereza Percivall Pott aliieleza tangu mwaka 1779, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Na dawa za TB nchini hutolewa bure! Dada wa watu alitumia fedha miezi yote ile kununua visivyomsaidia, wakati kinachomtibu hakiuzwi. Alimeza dawa bila kuruka mpaka akamaliza, na siku hizi anatembea, ila kibiongo kidogo kimebaki.

Kwa hiyo zishike dalili hizi. Mgongo ukiuma pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku, nenda hospitali. Maumivu yakiwa makali zaidi usiku na hayapoi hata ukipumzika, nenda. Ukiwa umeanguka au umepata ajali, nenda. Mzee wako akianza maumivu mapya ya mgongo, usimwambie ni uzee tu, mpeleke, kwa sababu saratani ya tezi dume na nyingine hupenda kuhamia kwenye mifupa. Na ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi imeshika sehemu ile unayokalia baiskeli, au haja ndogo inagoma au inatoka bila kujijua, usingoje kukuche. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Neva zikibanwa muda mrefu hazirudi.

Kama huna hata moja kati ya hizo, shusha pumzi. Kiuno kilichostuka kawaida kinapoa ndani ya wiki chache. Tiba yake ya kwanza itakushangaza: usilale kitandani! Zamani wagonjwa waliambiwa walale chali wiki mbili, siku hizi imeonekana kulala sana kunachelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili kama ni lazima, kisha tembea kidogo kidogo, fanya kazi nyepesi. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia. Dawa za maumivu kama diclofenac zipo, lakini zile si pipi. Ukizimeza kila siku kwa mazoea zinachubua tumbo mpaka vidonda, na hizo figo unazoziogopa ndizo zinazoziumiza. Muulize mtaalamu kwanza, kisha tumia kwa siku chache.

Yakipita miezi mitatu yanaitwa sugu. Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno: mazoezi, elimu na ushauri vimo. Mikanda ya kiuno, ile inayouzwa mitaani kwa mbwembwe, haimo, wanasema isitolewe kama tiba ya kawaida. Muone mtu wa fiziotherapia, atakupa mazoezi yanayokufaa wewe. Upasuaji ni wa wachache.

Na msikimbilie picha. Watu wanauza simu ili wapige MRI! Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia picha za watu wasioumwa kabisa. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na disiki zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Wote hawaumwi! Picha ni nzuri pale daktari anapokuwa na kitu anachokitafuta.

Sasa kujikinga. Mwaka 1999 wataalamu wa Ulm, Ujerumani, walimwekea mtu wa kujitolea kipimo ndani ya disiki. Akisimama tu, walipata namba fulani. Aliponyanyua kilo 20 kwa kuinama mgongo umepinda, mgandamizo ulipanda zaidi ya mara nne. Alipokunja magoti ulishuka. Alipoushika mzigo karibu na kifua ulishuka tena. Kilo 20 ndiyo ndoo yako ya maji ya kila siku, dada yangu! Basi isogelee, chuchumaa, ikumbatie, nyanyuka na miguu. Usijizungushe kiuno ukiwa umeibeba, geuza miguu. Na wewe wa ofisini au wa cherehani, inuka kila baada ya nusu saa hivi. Hiyo simu nayo ipandishe machoni, kichwa kisiishukie.

Mwisho nina neno la wabebaji wa sokoni, maana ninaye mshkaji wangu pale Kariakoo. Nikimwambia apumzike, ananijibu, “Nikipumzika utakula wewe?” Ana haki. Mtu analipwa kwa gunia, siku asiyobeba hali. Kumwambia akunje magoti chini ya lumbesa ni kumtania. Kwa sheria za vipimo nchini, lumbesa ni marufuku, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Maana yake hata gunia halali linakaribia mara mbili ya mzigo wa binadamu mmoja. Tajiri anayejaza lumbesa anaokoa ushuru wa gunia moja. Gharama inalipwa na mgongo wa kijana wa miaka 22, ambaye akifika 35 hawezi kumbeba mwanawe.

Kwa hiyo washkaji, gunia libebwe na wawili au lipande toroli. Likiwa lumbesa, likataeni kwa pamoja, maana akikataa mmoja jirani yake atalibeba. Na wewe mfanyabiashara unayesoma hapa, mafungu mawili madogo yanafika sokoni sawasawa na fungu moja kubwa.

Haya, mimi naishia hapo. Ukimaliza kusoma inuka, jinyooshe, halafu mpe gazeti yule anayechungulia begani kwako tangu ukurasa wa kwanza, naye shingo itamuuma. Wiki ijayo panapo majaliwa!